Siku Tisa Hadi Kalemie

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa kwenye maegesho ya malori, nimeshika mfuko wa dawa za sindano. Binti yangu Plamedie, mwenye miaka sita, alikuwa Kalemie kwa mama yangu, na malaria ilikuwa imempanda kichwani. Dawa hizo zilikuwa zimekwisha kule. Ndege ilikuwa ya wiki ijayo.

"Siku tisa, maman Honorine," alisema Guelord, dereva. "Kupita Kasomeno njia yote ni matope."

"Siku tisa, mutoto atakuwa wapi?"

Alipanda juu ya lori kukaza kamba za mzigo.

Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Katuba. Wateja wakinisumbua huwaambia haraka haraka haina baraka. Jioni ile nilisahau maneno yangu mwenyewe.

Mwanamke alinigusa bega. Alinuka samaki wabichi, na miguu yake ilikuwa na mchanga mbichi wa ziwa.

"Leta," alinong'ona. "Mi nafika leo."

"Leo? Na gari gani?"

"Mama yako hatafungulia mugeni. Unipatie jina ya kitovu ya mutoto."

Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo kabla kitovu chake hakijakauka. Halitajwi mbele ya wageni, maana ukiliita, roho huitika hata mwili ukiwa umelala. Nalijua hilo tangu utotoni. Lakini maji yalikuwa yamenifika shingoni.

"Mwelwa," nikasema.

Akachukua mfuko, akapita nyuma ya lori. Nilipochungulia... hapakuwa na mtu.

Saa moja na nusu nilikuwa nimeingia nyumbani, nimefunga mlango. Simu ikalia. Ni mama.

"Dawa ilifika. Infirmier wa zahanati amesha kumuchoma sindano."

Nilikaa chini. Kutoka hapa hadi Kalemie ni karibu kilomita elfu moja.

"Ule mama alisimama ku mulango, akaita Mwelwa," mama aliendelea. "Mutoto akaitika mu usingizi. Homa imeshuka. Lakini, Honorine... mutoto iko baridi. Haipumue."

Ko. Ko. Ko.

Mlango wangu.

"Maman, fungula. Nimechoka na njia."

Sauti ya Plamedie.

"Mama," nilinong'ona kwenye simu, "mutoto iko huku."

"Usifungule. Hatujue ni nani iko naye."

Niliogopa, sitaficha. Lakini ni mama gani atamwacha mtoto wake nje gizani? Nikavuta komeo.

Hapakuwa na mtu. Baridi yenye harufu ya samaki ilinipita kiunoni, ikaingia ndani.

Kwenye simu mama alikuwa analia. "Amepumua. Honorine, amepumua."

Plamedie yuko hai. Anasoma Kalemie, hunipigia kila Jumapili, na namshukuru Mungu. Ila kile nilichokifungulia mlango bado kinaishi humu. Macho yangu hayakioni. Jioni hukaa kando ya cherehani yangu, kikiniuliza kwa sauti ya mwanangu:

"Maman, Kalemie iko mbali?"

"Mbali sana. Mvua ilikata njia. Malori haifike tena."

Najua kinatafuta nini. Kuna mwili mmoja tu wenye sauti ile, nao uko Kalemie.

Jana jioni hakikuuliza. Nilikisikia chini ya kitanda, kikitafuta viatu.