Chipukizi la Pili

"Marki mia mbili kwa chipukizi moja, Reinhold! Haya mawili nani kakuagiza?"

"Umelewa asubuhi hii?" nilimjibu Tietgen, mwenye duka la picha hapa Berlin. "Nimepiga moja."

Akanisukumia picha mezani. Yalikuwa mawili.

Kazi hii sikuisomea. Nilikuwa fundi vioo, nikajifunza mwenyewe kupiga picha za mimea kwa karibu, kuikuza mpaka jani linaonekana kama chuma kilichofuliwa, nyeusi na nyeupe tu. Na sidanganyi mtu. Ndivyo nilivyojisifu mpaka juma hili.

Kangaga la picha ile, mmea wa msituni wenye majani kama manyoya, aliniazima jirani yangu, Mama Pohlenz. Mwanawe, Alwin, aliuawa vitani katika msitu wa Ufaransa, na mwili haukupatikana. Mwenzake alirudi na mzizi wa kangaga uliochimbwa pale alipoanguka. Mama akaupanda kwenye chungu. Kaburi lingine hana.

"Usiliguse hata jani, mwanangu."

"Mama, mimi nikisema nimesema."

Lilikuwa na machipukizi mawili yaliyojikunja. Lile dogo liliharibu umbo la picha. Nikalikata kwa wembe kabla ya kupiga, nikalitupa jikoni motoni, nikamwambia Mama limeliwa na konokono. Alikipapasa chungu tu, kama anapapasa paji la mgonjwa.

Kwa hiyo nilitoka kwa Tietgen nimefura, nikajifungia katika chumba cha giza, nikasafisha picha nyingine.

Lile dogo lilikuwemo. Limeanza kukunjuka.

Nikashika bamba la kioo lililobeba picha ya asili, nikalikwangua kwa kisu pale pale chipukizi lilipokuwa. Nikasafisha tena.

Limo. Limefunguka zaidi.

Nikainamia beseni na lenzi yangu. Ncha zilikuwa tano. Zilikuwa na kucha.

Mlango ukasukumwa. Nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo.

"Reinhold," Mama Pohlenz alinong'ona. "Udongo unanuka mpaka ngazini."

Nikatazama bamba. Pale nilipokwangua palikuwa na udongo mbichi, bado una maji.

Yeye alikuwa akiitazama picha. Akakigusa kidole kimoja kilichopinda.

"Hiki Alwin alikivunja kwenye barafu, akiwa mtoto."

"Mama, nisamehe. Nitakupa picha. Nitakupa fedha yote ya Tietgen."

"Uliniambia konokono."

"Nililikata mimi. Nimelichoma, Mama. Halipo."

Akakinga kiganja mbele yangu.

"Nipe mkono wa mwanangu."