Diski ya Siri Nyumbani kwa Brigitha

"Umeua kadi ya mtandao ili nisijue mambo yako! Si ndiyo?!"

Brigitha akampokonya mumewe simu, akaitosa kwenye beseni la mchele uliolowekwa.

Chubwi!

"Mke wangu, mimi hata kufungua hilo boksi la kompyuta sijui!"

"Toka!"

"Basi niazime simu yako niweke laini yangu, nipige mara moja tu... nakuomba."

"Kampigie huko huko uendako!"

Mama yake Brigitha, aliyekuwa mkekani, akajaribu: "Mwanangu, si umuulize kwanza..."

"Mama, usiingilie!"

Mumewe, Limbu, akaondoka na shati alilovaa tu, akaenda kwa kaka yake anayeishi kijiji cha Sanje.

Jamani, msimhukumu mtu bado. Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Brigitha ni fundi kompyuta, anaishi Lipangalala, hapa Ifakara. Alichukua mashine chakavu akaunda kompyuta ya kulinda mtandao wa nyumbani, ile mafundi wanaita fayawoli. Intaneti inaingia kwa kadi moja, inatokea kadi ya pili kwenda kwenye wifi. Ilikuwa inapiga mzigo vizuri tu!

Limbu naye ni Msukuma mpole kupita maelezo. Ila siku za karibuni simu ikiita, anakwenda kuongelea nyuma ya banda la kuku.

"Nani huyo?"

"Mtu wa kazini."

Siku moja Brigitha akanyata. Akamsikia ananong'ona: "Usijali. Ila Brigitha asijue kwanza..."

Akarudi ndani bila kuonekana.

Akanunua diski ndogo, nyembamba kama bigijii, akaichomeka kimya kimya kwenye fayawoli ili itunze kumbukumbu ya kila anachofungua mumewe.

Akawasha... kadi ya pili haionekani!

Akazima. Akaichomoa ile kadi, akasugua vijino vyake vya shaba kwa kifutio, akairudishia. Wapi! Wifi kimya.

Ndipo akakumbuka Limbu alifagia chumba chenye mashine ile asubuhi. Kilichofuata ni lile beseni.

Kesho yake akaijaribu ile kadi kwenye kompyuta ya mteja.

Ikafanya kazi!

Brigitha akakaa chini. Likamjia swali ambalo yeye huwauliza wateja kila siku: kabla haijaharibika, uligusa nini?

Aligusa diski.

Akaichomoa, akawasha. Kadi zote mbili hizo hapo! Kumbe kwenye mashine ile, diski na tundu la kadi vinatumia njia moja. Ukichomeka diski pale, tundu linazimwa.

Limbu wa watu hakugusa kitu.

Akachukua laini kutoka kwenye simu iliyokufa maji, akapanda gari la Sanje. Alipomwona mumewe, magoti yakagusa ardhi.

"Nisamehe, mume wangu. Ni mimi niliyeharibu... nilikuwa nakuchunguza."

Limbu wala hakuuliza habari za kadi.

"Laini yangu unayo? Kuna namba ya mtu humo."

Wakaiweka kwenye simu ya Brigitha. Meseji zikaanza kumiminika, zote za namba moja.

"Nani huyu, Limbu?"

"Kassian."

Brigitha akaiweka simu chini.

Kassian ni mdogo wake wa kuzaliwa naye. Aliwahi kumpiga mama yao kofi akiwa amelewa, Brigitha akamfukuza, akaapa hatakanyaga tena pale nyumbani. Mama alishasamehe zamani. Brigitha hakutaka hata kusikia jina.

"Ameacha pombe," Limbu akasema. "Alikuwa Mlimba anasubiri nimwambie aje awapigie magoti. Nilipanga nikuombe siku ile ile uliyonifukuza."

Meseji ya mwisho ilisema: "Shemeji nimepiga sana. Nimeelewa, dada hataki. Napanda treni. Msalimie mama."

Wakapiga. Haipatikani...

Mpaka leo haipatikani.

Limbu alisamehe, akarudi nyumbani. Lakini kumwambia mama, hilo Brigitha alilifanya mwenyewe. Alieleza yote bila kujificha.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja:

"Alisema nisalimiwe?"

"Ndiyo, mama."

Bibi wa watu akajifunika khanga usoni.

Ndugu msomaji, ukimshuku mwenzio, fungua mdomo uulize. Na kabla hujatafuta mchawi wa nje, angalia mkono wako uligusa nini mwisho.

Kassian, kama unasoma hapa... dada yako kanituma. Anasema njoo nyumbani.