Nukta ya Jua Kwenye Figa la Mama

Nina miaka thelathini na minne, naishi Malava, Kakamega. Mimi ni msanii wa giza. Ndiyo, giza! Cheka kwanza, kisha usome.

Mama alipofariki, kaka zangu walibomoa jiko lake. Mimi niliomba mabati tu... yale meusi kwa masizi, yenye matundu ya misumari. Jua lilipenya humo likadondosha nukta za mwanga sakafuni. Mama hakuwa na saa. Nukta moja ikigusa figa la kushoto, alijua ni wakati wa kusonga obusuma, ugali wetu, wakataji miwa aliowapikia wako njiani.

Nikajenga chumba cha giza uani, nikakiezeka kwa mabati yale yale. Ukiingia huoni kitu. Unakaa, macho yanazoea, halafu nukta zinajitokeza moja moja na kutambaa kuelekea mafiga matatu. Kuna waliotoka wakilia.

Nickson, mpenzi wangu, alikuwa amesomea sanaa chuoni. Maonyesho makubwa yalipotangazwa mjini, fomu ilitaka jina la msanii.

"Mami, hawa watu husikilizanga mwenye karatasi," aliniambia. "Weka jina yangu. Si sisi ni kitu moja?"

Na mimi, kwa mkono wangu mwenyewe, nikaandika jina lake! Nani aliniroga? Hakuna. Nilimpenda, na nilijidharau.

Siku ya ufunguzi mlinzi alitafuta jina langu kwenye orodha ya wageni... simo! Niliingia hivyo hivyo. Mabati ya mama, ambayo Nickson aliyaezua uani kwangu, yalining'inia chini ya balbu, nukta zimeganda sakafuni. Nickson alikuwa akiwasimulia watu utoto wake jikoni. Jikoni kwa mama yangu!

"Nickson, waonyeshe nukta ya obusuma!" nilipaza sauti.

Akababaika, akanyoosha kidole ukutani.

"Haiko hapo!" niliwaambia wote. "Inatembea na jua, na jua mmelifungia nje!"

Msimamizi alileta fomu. Jina la Nickson, mwandiko wangu. Nilitolewa nje, lakini sikuinamisha kichwa.

Nyumbani nililia siku tatu. Siku ya nne jirani yangu, Mama Ayuma, alikuja na bati kuukuu kichwani.

"Nafula, hii yangu ilivujanga mpaka kwa sufuria," alisema. "Haiwezi kukosa kazi."

Wanawake wengine wakaleta ya kwao. Leo chumba changu kimeezekwa kwa majiko ya kijiji kizima, na kila mama anaijua nukta yake, tena wanagombana ni ya nani imefika kwanza! Mabati ya mama hayajarudi. Bado naumia, sitadanganya.

Wewe unayesoma, mpende umpendaye, mpikie, mfulie ukitaka. Lakini kazi ya mikono yako usiiandike kwa jina lake, hata akubembeleze vipi!

Njoo saa sita mchana, jua likiwa utosini. Jina lililo mlangoni ni Nafula. Nililiandika kwa mkono ule ule.