Barua ya Ufagio

Kila alipotoka shule, kazi ya kwanza ya Raudha ilikuwa kuparua samaki. Mama yake, Bi Mwanakombo, aliwanunua soko la Feri alfajiri na kuwakaanga jioni kwenye baraza yao huko Mbagala. Raudha alikuwa darasa la saba. Daftari alilifungua baada ya kuosha beseni la mwisho, macho yakiwa tayari mazito, ndiyo maana hesabu zilimpiga chenga kila siku.

Jumatatu moja Mwalimu Leodegar aligawa barua za wazazi. Shule ilikuwa inaanzisha masomo ya ziada, bure kabisa, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Nafasi zilikuwa thelathini tu. Mzazi alitakiwa afike Ijumaa kutia saini, na asipofika, nafasi ya mwanawe angepewa mwingine.

Raudha aliitamani nafasi ile. Lakini mama yake hakujua kusoma wala kuandika. Penye saini huweka dole gumba. Raudha akamfikiria baba yake Loveness, rafiki anayeketi naye dawati moja. Yule ni karani, hakosi kalamu mfukoni. Akilini akawaona wazazi wote wakimkodolea macho mama akichovya dole kwenye wino, akaona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Jioni mama alipoomba asomewe barua, Raudha aliishika vizuri kabisa, akasoma kisichokuwamo: kila mwanafunzi alete ufagio wa chelewa. Kwa kuwa shule huagiza mafagio mara kwa mara, mama hakushuku neno.

Masikini Raudha, alisahau kwamba mama yake hafanyi jambo nusunusu. Siku tatu Bi Mwanakombo alichambua chelewa, akafunga ufagio wa kupendeza. Ijumaa Raudha akajifanya ameusahau nyumbani. Mama akajitanda khanga, akaupeleka mwenyewe.

Alikuta darasa limejaa wazazi, watoto wameketi nyuma. Mwalimu Leodegar alikuwa ameshika kalamu, anataka kulikata jina la Raudha.

"Karibu mama, tulikuwa tunakungoja wewe tu," alisema.

"Ahsante mwalimu. Nimeleta ufagio."

Watu wakacheka. Bi Mwanakombo akabaki amesimama mlangoni, hajui kinachochekwa, na Raudha akaumia kuliko alivyowahi kuumia. Angeweza kunyamaza. Akainuka.

"Nilimdanganya mama," alisema. "Barua haikusema ufagio. Niliona haya, kwa sababu anaweka dole."

Mwalimu akamweleza Bi Mwanakombo habari yote ya masomo yale. Mama akauegemeza ufagio ukutani, akaomba wino, akabonyeza dole gumba lake karibu na jina la bintiye, polepole, mbele ya watu wote. Hakuna aliyecheka tena.

Mwalimu aliwageukia wanafunzi. "Wengi wanaofeli hapa hawakosi akili," alisema. "Wanakosa muda wa kusoma, au mtu wa kuwasaidia nyumbani. Hilo si kosa lenu, wala si la wazazi wenu. Lakini mkituficha, tutawasaidiaje? Semeni ukweli mapema."

Bi Mwanakombo alikwenda hadi nyuma alikokuwa Raudha. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomliza binti yake.

"Kaka zangu walipelekwa shule, mie nikaachwa nyumbani nilee wadogo," alisema. "Sikuulizwa. Wewe leo umeulizwa, na kidogo tu ungeikosa shule kwa kunionea haya mie. Samaki nitaparua mwenyewe. Kaa hapo usome."