Mbabula Ndani ya Yoti

"Samaki iko mu chupa. Narudilia, mu chupa."

Keren Kalenga alibonyeza redio yake ya Motorola mara mbili kuonyesha kwamba amesikia. Kusema hakuweza. Meno yalikuwa yanagongana.

Saa moja na nusu asubuhi, mwezi wa Julai, ziwa la Kipopo, nje kidogo ya Lubumbashi. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Keren alikuwa amelala kifudifudi ndani ya boti ndogo ya wazi iliyofichwa kwenye matete, Glock kifuani, darubini ya Zeiss machoni.

Mita mia tatu mbele yake, yoti nyeupe ilikuwa imezima injini katikati ya maji.

Chupa ni hiyo yoti. Samaki ni Paulin, injinia anayezijua kwa kichwa namba za siri za kuzima umeme wa migodi yote ya eneo hili. Anayezipata namba hizo anaweza kusimamisha pampu na feni huku maelfu ya wachimbaji wakiwa chini ya ardhi.

Tena Paulin ni yaya yake Keren, kaka yake wa tumbo moja. Hilo halikuandikwa kwenye amri yoyote.

Watekaji walikuwa wawili. Varnik, mgeni aliyejiita mnunuzi wa shaba, na Mwansa, dereva na mlinzi wake, mzaliwa wa Lubumbashi. Walikuwa wanangoja ndege ya kutua majini. Ingefika baada ya nusu saa, na Paulin angepelekwa nayo nchi ambayo mtu hufinywa mpaka aseme.

Redio ikakoroma tena. Koloneli Brigitte, mkuu wa operesheni, alikuwa ufukweni na askari wake.

"Keren, sikia. Ile ndege haitaenda na yee. Ikipanda, tutaiangusha." Akashusha sauti. "Pardon, mutoto wangu."

Keren alibonyeza mara mbili.

Alitaka kulia, na hakuona aibu.

Kosa lilianza wiki tatu nyuma, kwenye karakana ya boti ya fundi Clément, barabara ya Kasapa. Idara ya ujasusi ilipojua kwamba Varnik anatafuta yoti, ilimpachika Keren pale kama muuzaji, amevaa viatu virefu na tabasamu la kukodi. Kazi yake ilikuwa moja tu: mnunuzi achague usukani wa wazi. Kwenye usukani wa wazi mlenga shabaha aliye ufukweni anamwona kila mtu.

Keren aliusifu usukani wa wazi mpaka koo likakauka. Upepo mwanana, macho yanafika mbali, maji ya mvua yanatoka yenyewe kwa matundu mawili ya sakafuni. Varnik alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali. Ndipo Mwansa akasugua viganja.

"Patron, Julai ya huku haiko ya kuchezea. Kamata ya kufunga."

Basi. Jasusi mzima aliangushwa na mtu anayeogopa baridi. Varnik akaagiza chumba cha usukani kifungwe kote: vioo vya kuzuia risasi, mpira kuzunguka mlango, matundu ya sakafuni yazibwe. Keren aliambulia vitu viwili, kinasa sauti alichokificha chini ya usukani na ufunguo wa akiba wa mlango. Lakini ufunguo una faida gani, ikiwa nyuma ya mlango kuna bunduki mbili na kichwa cha ndugu yako?

Maji yalikuwa yamezidi unga.

Ndani ya kisikizi chake, kilichopokea sauti za kile kinasa, alisikia Mwansa akilalamika. Injini imezimwa, kwa hiyo hata joto lake hakuna. Kisha ikaja sauti ya Paulin, ya chini, iliyochoka.

"Mwansa, shiye bote tuko na baridi. Ile mbabula yako iko inje kule, inawakia nani? Ingiza humu."

Varnik aliuliza kama hiyo mbabula, jiko la makaa, si hatari. Mwansa akacheka. Akamweleza mzungu wake kwamba kila nyumba ya Lubumbashi inajua kazi hiyo: unawasha nje, unangoja moshi uishe, ndipo unaingiza.

"Makala isha kuwaka muzuri, patron. Haina tena moshi."

Mlango ukafunguliwa, ukafungwa. Mpira ukabana.

Kisha Paulin akasema polepole, kama mtu anayejisemea, "Mama alisemaka, mbabula hailalake na bantu."

Darubini ilimtoka Keren mkononi.

Mama yao, mke wa mfanyakazi wa reli, aliwaimbia maneno hayo kila msimu wa baridi. Jirani zao watano walilala na makaa mekundu yasiyo na moshi, hawataamka mpaka parapanda ilie. Mwansa alijua nusu ya somo, kwamba moshi unaua. Paulin alilijua lote: makaa yasiyo na moshi nayo hutoa sumu, isiyoonekana wala kunuka. Hakuwa anaomba joto. Alikuwa anawaua, na yeye mwenyewe akiwamo.

Sasa hesabu ikawa mbaya kuliko zote alizowahi kupiga. Akienda mapema, watampiga Paulin risasi. Akichelewa, mbabula itammaliza.

Dakika tano. Mwansa anasimulia habari za mpira.

Dakika kumi na mbili. Mwansa anasema kichwa kinamuuma.

Kumi na nane. Varnik anamjibu rubani kwa redio, ulimi mzito kama wa mlevi. Paulin hajasikika tangu dakika ya nane.

"Yaya, kohoa," Keren alinong'ona. "Kohoa tu."

Hakukohoa mtu.

Dakika ya ishirini na mbili rubani aliita. Hakujibiwa. Akaita tena. Hakujibiwa.

Keren alivuta kamba ya Yamaha. Injini ikagoma. Akavuta tena, vidole havina hisia, akimlaani Mwansa, na Julai, na yeye mwenyewe. Mara ya tatu ikanguruma, boti ikachomoka kwenye matete. Upepo ulimchapa uso kwa mita mia tatu, na hapakuwa na kioo cha kumkinga.

Aliruka kwenye yoti. Ufunguo uliteleza, ukaingia. Mlango ukafunguka na joto zito likampiga usoni.

Varnik alikuwa ameinamia usukani. Mwansa alikuwa amekaa kando ya mbabula, bastola mapajani, macho nusu wazi yasiyoona, akikoroma. Keren aliipiga mbabula teke mpaka majini. Ikachemka, ikazama.

Paulin alikuwa sakafuni, kwenye kona, mikono imefungwa nyuma. Hakutikisika.

Alimgeuza. Kando ya mdomo wake palikuwa na kizibo cha mpira. Injinia huyu alikuwa amelizibua tundu la maji ya mvua kwa meno, akabandika mdomo wake hapo, akanyonya hewa ya ziwa kidogo kidogo.

Akakohoa.

Keren alimburuta nje, akamkumbatia kwa nguvu za kumvunja mbavu. Kisha akarudi kuwatoa wale wawili, wakiwa bado wanakoroma. Hakuwaonea huruma. Koloneli alihitaji midomo ya kuhoji.

Ndege ilizunguka ziwa mara moja. Hakuna aliyeijibu. Ikageuza pua, ikaenda ilikotoka bila abiria.

Ufukweni, Koloneli Brigitte alimpa Paulin blanketi na kumshika Keren bega kwa muda mrefu. Alisema atasema mengine kesho. Askari akafungua mlango wa Land Cruiser, vioo vimepandishwa, hita inavuma.

"Ingieni, ndani iko moto."

Ndugu wawili walitazamana. Paulin, midomo ingali ya bluu, akatikisa kichwa kukataa.

"Merci, chef," Keren alisema. "Shiye tunapanda nyuma."

Alikuwa bado anatetemeka kwa baridi. Alimshika yaya yake mkono, wakapita mlango ule wa joto, wakaparamia pikapu ya askari iliyokuwa nyuma, wazi pande zote.