Sekunde Nne za Bi. Mwantumu

Kinenaji kilichofungwa shingoni mwa Bi. Mwantumu Kihiyo hakikuzidi ukubwa wa kiberiti, lakini kilikuwa kimemrudishia kitu ambacho kiharusi kilimnyang'anya miaka miwili nyuma: sauti. Nyuzi tano nyembamba zilisoma amri ambazo ubongo unaupelekea ulimi. Prosesa ndogo iliyokuwa ndani ilizigeuza amri hizo kuwa maneno, na spika ikayatamka kwa sauti yake mwenyewe, iliyookotwa kwenye rekodi za enzi alipokuwa akifundisha hesabu katika sekondari moja ya Tanga. Waliokivumbua walipewa medali, na pengine walistahili. Kasoro yake ilikuwa moja. Maneno yalitoka sekunde nne baada ya kufikiriwa.

Sekunde nne ni kitu kidogo mpaka uzingoje. Mchana ule alikuwa ameketi kwenye karakana ya Hidaya, binti wa kaka yake, Barabara ya Kumi na Mbili, akijaribu kuipigia simu Tume ya Utimamu.

"Taja jina lako," ilisema mashine ya mapokezi.

Bi. Mwantumu alilitaja jina lake kichwani. Moja, mbili, tatu.

"Hatujakusikia. Kwaheri."

"Mwantumu binti Kihiyo," kinenaji kikatamka, simu imeshakatwa.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Hidaya aliitupa bisibisi mezani. Huo ndio mji waliokuwa wamejengewa, mji wa vindege vya mizigo na taa zinazojiwasha: mashine moja inachelewa, nyingine haina subira, na anayeonekana mjinga ni binadamu aliyekaa katikati.

Na ujinga huo sasa ulikuwa na karatasi yake. Kesho yake, saa nne asubuhi, Bi. Mwantumu alitakiwa mbele ya Tume. Angeulizwa maswali kumi na tano kwa mdomo, na kila jibu lilipaswa kuanza ndani ya sekunde mbili. Asipofikisha majibu kumi na mawili, angeandikwa kuwa si timamu. Angepewa msimamizi wa kumwamulia mambo yake yote na kuhamishiwa kwenye Makao ya Utulivu, ambako milango hufungwa kwa nje. Hidaya aliandika barua mbili kueleza kwamba kinachochelewa ni kifaa, si akili ya shangazi yake. Alijibiwa kwa sentensi moja: kwa mujibu wa kanuni, kifaa ni sehemu ya mhusika.

"Lete hiyo shingo," alisema Hidaya.

Alikifungua kinenaji chini ya kioo cha kukuzia. Prosesa ilikuwa ya Daraja la Tatu, ile inayogawiwa wasio na uwezo, yenye mapigo bilioni moja kwa sekunde. Wenye uwezo walivaa Daraja la Kwanza, mapigo bilioni tatu, na maneno yao yalitoka papo hapo. Jambo ambalo Kampuni ya Kauli haikulitangaza popote ni kwamba prosesa hizo mbili zilikuwa kitu kimoja. Zilitoka kwenye kiwanda kile kile, kwenye bamba lile lile. Tofauti ilikuwa mistari michache ya maagizo, iliyoitwa kufuli la mwendo, iliyoandikwa makusudi ili prosesa nzima itembee kwa kuchechemea.

Hidaya alilifungua kufuli kwa dakika sita, bila kutazama kitabu chochote.

Tatizo lilikuwa ubaomama, bodi inayobeba prosesa na kuilisha umeme. Ule ulikuwa wa zamani, wa kizazi kilichopita, na vidhibiti vyake vya umeme vilikuwa vinne tu, vidogo kama punje za mchele. Aliupandisha mwendo hatua kwa hatua, na kila hatua akamwambia shangazi yake ataje jedwali la kumi na saba. Kwenye bilioni moja na nusu kinenaji kilibaki na sekunde tatu. Kwenye bilioni mbili kikaanza kigugumizi. Akaongeza umeme kidogo, akakata kipande cha mfuniko wa sufuria ya alumini, akakibandika juu ya vidhibiti ili kibebe joto. Akapandisha tena, hadi bilioni mbili na nusu.

"Mia moja na kumi na tisa, mia moja thelathini na sita, mia moja hamsini na tatu, na hilo sufuria ulilolikata lilikuwa la nani?"

Hidaya aliinua kichwa. Sauti ile ilikuwa imetoka pale pale, ikiwa na ukali wake wote. Ukali huo alikuwa hajausikia kwa miaka miwili.

"La kwako, shangazi."

"Nilijua. Umeniharibia sufuria la wali ukaninyamazia. Endelea, nakusikiliza."

Walicheka wote wawili. Halafu Hidaya akapima joto, na kicheko kikamwisha. Baada ya dakika kumi na moja vidhibiti vilikaribia kuyeyusha risasi ya kulehemu iliyovishika. Vikiachwa vipoe, vingeweza kutumika tena. Vikipitilizwa, bodi ingekufa, na bodi ya aina ile haikuuzwa tena popote. Foleni ya kinenaji kipya ilikuwa mwaka mmoja na nusu.

"Maswali yote ni dakika kumi," Hidaya alieleza. "Unakiwasha mlangoni kwa swichi hii ya nyuma ya sikio. Nikinyoosha mkono, unazima, hata kama uko katikati ya neno. Na kesho hakuna salamu. Unaingia, unakaa, unajibu."

"Niingie kwa watu nisisalimie?"

"Usisalimie."

"Umelelewa na nani wewe?"

"Na wewe. Zima, bodi inaungua."

Ukumbi wa Tume ulikuwa baridi na mweupe. Nyuma ya meza walikaa wawili: mwenyekiti, Bwana Ndimbo, mzee mwenye fimbo na maneno ya kupimwa, na mjumbe kijana aliyeitwa Editha. Ukutani palikuwa na saa kubwa ya kuhesabu sekunde. Bi. Mwantumu aliigusa swichi, akaingia. Hidaya akakaa nyuma na kuanza kuhesabu dakika.

Editha aliinuka nusu. Hakuwa na ubaya wowote. Alilelewa vizuri tu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Ilitoka kabla binti yule hajakaa. Bi. Mwantumu akasimama pale pale katikati ya ukumbi. Kwa miaka miwili marahaba zake zote zilikuwa zimeangukia migongo ya watu. Watoto wa mtaa walimwamkia wakapita, na alipokuja kuwaitikia walikuwa wameshakunja kona, wakisimuliana kwamba bibi yule siku hizi ana maringo. Hili Hidaya hakuwahi kuambiwa.

"Umeamkaje? Wa nyumbani hawajambo? Kwenu ni wapi?" Akamgeukia mwenyekiti. "Na wewe baba, habari za asubuhi? Mguu umeanza lini? Unaukanda, au ndiyo unautazama tu?"

Bwana Ndimbo alijikuta akieleza habari za goti lake. Hidaya aliuma meno huku dakika tatu nzima zikipotea kwa salamu. Alitaka kupiga kelele, na hakujua ampigie nani.

Maswali yakaanza. Aliulizwa tarehe, akajibu. Aliulizwa tofauti ya kusahau na kutojua, akaifafanua vizuri kiasi kwamba Editha aliandika.

"Ukiletewa karatasi usiyoielewa, utafanya nini?"

"Sitatia saini. Na aliyeileta nitamkalisha anieleze polepole. Akishindwa kueleza, basi hata yeye haielewi."

Jibu la kumi na mbili lilikwisha dakika ya kumi na mbili. Hidaya alikuwa ameshanyoosha mkono mara mbili, na mara zote mbili shangazi yake alimtazama akaendelea. Ngozi ya shingo chini ya kinenaji ilikuwa imeanza kuwa nyekundu.

Bwana Ndimbo aliinua kalamu. "Taarifa yetu inasema kifaa hiki kinachelewa sekunde nne. Leo hakichelewi kabisa. Kimechezewa?"

"Nimekifungua mimi," alisema Hidaya, akiinuka.

"Basi majibu haya tunayafuta. Tunampima mhusika, hatumpimi fundi."

Hidaya alikwenda mezani akaiweka barua yao mbele yao. "Isome, mzee. Kifaa ni sehemu ya mhusika. Kilipokuwa kizito mlisema yeye ndiye mzito. Leo ni chepesi, basi sema yeye ndiye mwepesi. Au kanuni yenu inajua kuteremka tu?"

Mwenyekiti alisoma, akasoma tena. Editha aliinamisha uso. Hidaya angeweza kuishia hapo. Kushinda alikuwa ameshashinda.

"Kifaa cha Kauli hakijawahi kuharakishwa na fundi wa mtaani," Bwana Ndimbo alisema hatimaye. "Wewe uliwezaje?"

Hasira ina ulimi wake, na haungoji ruhusa. "Niliweza kwa sababu kufuli la mwendo nililiandika mimi! Miaka sita nimekaa pale Kauli kazi yangu ikiwa ni kuharibu prosesa nzima. Sekunde moja, familia zinavumilia. Mbili, wanazoea. Nne, ndipo watu wanapoacha kumngoja mgonjwa wao na kuanza kuuliza bei ya Daraja la Kwanza. Tulipima. Nne ni namba yangu, niliichagua mimi. Kwa hiyo msiniambie kuhusu utimamu."

Pale palipokuwa na harufu ya dawa ya sakafu sasa palinuka plastiki inayoungua.

Bi. Mwantumu aligeuka kwenye kiti chake. "Ulizichagua wewe, Hidaya?"

Hidaya alifungua mdomo. Saa ya ukutani, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, ilihesabu moja, mbili, tatu, nne, tano.

"Ndiyo, shangazi."

Midomo ya Bi. Mwantumu ilisogea. Shingoni mwake kulisikika mlio mdogo, ukapanda moshi mwembamba. Neno alilokuwa analisema halikutoka. Editha alizunguka meza mbio akakivuta kile kiberiti cha moto kwa kitambaa chake, na chini yake ngozi ilikuwa imetoka malengelenge.

Tume iliandika kwamba ni timamu. Hawakuwa na njia nyingine. Majibu kumi na mawili yalikuwa kwenye kumbukumbu, na kanuni ilikuwa yao. Muhuri ukagongwa, na Bi. Mwantumu akatia saini kwa mkono wa kushoto, taratibu, kila herufi mahali pake. Nyumba ilibaki yake, na mlango wake angeufunga mwenyewe kwa ndani.

Walirudi kwa miguu. Penye kona ya Barabara ya Kumi na Mbili watoto wawili walimwamkia, "Shikamoo, bibi," wakapita. Bi. Mwantumu aliinua mkono, na walikuwa wameshampa mgongo. Hidaya alitaka kuwaita warudi, akajiona hana haki hiyo.

Karakanani alipaka dawa kwenye shingo ya shangazi yake. Mezani kulikuwa na kipande kilichobaki cha mfuniko wa sufuria. Alikisogeza pembeni, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Nisamehe, shangazi."

Akangoja. Bi. Mwantumu alikuwa anamtazama, macho makavu, na kalamu na karatasi vilikuwa karibu kabisa na mkono wake wa kushoto. Sekunde nne zilipita, kisha dakika nzima. Mkono haukusogea, na safari hii hapakuwa na mashine ya kusingizia.