Kifungo cha Rudairo

Rudairo alimtuma kifungo tu.

"Kinachofanana na hiki," alimwambia mumewe, akamwekea kiganjani kifungo kimoja cha bluu. "Ukikosa cha bluu, bora usilete kabisa. Kesho wageni watapiga picha, Sinyoro. Sitaki nionekane nimevaa gauni la kuokota."

Gwinyai akacheka, akakitia mfukoni, akatoka. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mlima Hwedza na mbuzi walikuwa wakirudi zizini wenyewe. Madukani si mbali, na njia fupi hupita kwenye kichuguu kikubwa, pale alipolijenga tanuri lake. Sasa angepitaje pale bila kulitupia jicho?

Mwaka mzima tanuri hilo lilikuwa limemnyima usingizi. Mababu zake, watu wa ukoo wa Sinyoro, jina ambalo mkewe na ndugu zake humwitia, walikuwa wakitoa chuma kwenye mawe ya mlima ule, na majembe yao yalifika nchi ambazo wao wenyewe hawakuwahi kuzikanyaga. Kisha yakaja majembe ya dukani, mepesi na ya bei rahisi. Wahunzi wakaacha kazi, wakazeeka, wakafa na ujuzi wao. Zilibaki nyimbo mbili tatu na vigae vya mabomba ya udongo vichakani, basi. Gwinyai, ambaye riziki yake ilikuwa kuchomelea mageti, aliwaahidi watu wa makumbusho kutoka mjini kwamba atafufua kazi ya babu zake. Alikuwa amejaribu mara mbili, na kesho wangekuja kutazama jaribio la tatu. Mara zote mbili yalitoka mavi ya chuma, meusi, yenye matundu, hayafai hata kumpigia mbwa.

"Mkeo wa udongo kaharisha tena?" Taruvinga, mtoto wa baba yake mdogo na mshika viriba wake vya kupulizia moto, alimtania mbele za watu. "Mpe uji wa chumvi!"

Watu walicheka sana siku ile. Gwinyai alicheka nao, lakini alikwenda nyumbani akakataa kula.

Maana tanuri la watu wa Hwedza ni mwanamke. Hufinyangwa na matiti mawili, kitovu, chale za tumboni, na mkanda wa shanga za udongo kiunoni. Chuma kikitoka, wanasema kazaa. Mhunzi ndiye mume. Na mpaka azae, mhunzi halali na mkewe wa nyumbani. Hilo Gwinyai alilijua na alilishika. Mengine hakuyajua, na hakuwepo wa kumwambia.

Alipokaribia kichuguu alisikia sauti.

Fuu... fuu... fuu...

Viriba. Mtu alikuwa anavuta viriba.

"Taru?" aliita. "Acha mchezo, bwana. Udongo tulioukandika upya haujakauka."

Harufu ya makaa ilimjia, na hakuna aliyekuwa amewasha makaa. Alizunguka kichuguu. Viriba vilikuwa vimelala palepale alipoviacha, vimefunikwa kwa gunia. Lakini sauti ilikuwa bado ipo. Polepole. Mithili ya mtu aliyelala usingizi mzito.

Mwanamke alikuwa amekaa chini, ameegemea tanuri kwa mgongo.

Alijifunika shuka jeusi hadi usoni. Kutokana na mikono yake Gwinyai alimdhania bibi kizee, kwa jinsi ngozi ilivyopasuka. Akachuchumaa, akapiga makofi ya salamu, kwa sababu mtu humsalimu mkubwa hata kama amemkuta mahali pasipomhusu.

"Mnapuliza kwa pupa," yule mwanamke alinong'ona. Salamu hakuitika.

"Bibi?"

"Mnapuliza kama watu wanaofukuzwa. Chuma hakitoki hivyo. Puliza kama mtu aliyelala. Tangu asubuhi mpaka jua lianze kushuka, usiongeze, usipunguze. Na yale mawe yako yaoke kwanza juu ya moto wa kuni, yapasuke. Unanilisha mawe mabichi."

Mawe mabichi! Mwaka mzima, na kosa lilikuwa dogo hivyo. Hakusikia, au hakutaka kusikia, kwamba mwanamke alisema *unanilisha*.

"Bibi ni wa ukoo gani? Nani alikufundisha?"

"Waume."

Alisema hivyo tu. Kisha shuka likasogea kidogo, na Gwinyai akaona tumbo lenye chale, mistari mitatu mitatu, ileile aliyoichora yeye kwa kijiti juu ya udongo mbichi.

Alitaka kuondoka. Kila kiungo chake kilitaka kuondoka. Lakini alijua kwamba akiondoka, kesho yatatoka mavi ya chuma mbele ya wageni, na kijiji kizima kitacheka, na Taruvinga atapata utani wa kumtosha mpaka uzeeni.

"Kuna lingine?" aliuliza.

"Maneno." Sauti ilikuwa kavu, na joto lilimpiga Gwinyai usoni kila yule mwanamke alipofungua mdomo. "Mimi si hawara wa mtu. Wa mwisho aliniacha nikiwa na moto tumboni, akaenda kununua jembe dukani. Hakunipa hata gupuro. Wewe una mke?"

"Ninaye."

"Mwache."

Gwinyai alicheka kidogo, kicheko cha woga. Gupuro ndiyo talaka ya watu wa kule: kitu kidogo ambacho mume humpa mke mkononi, unyoya au sarafu au kipande cha nguo. Mwanamke hukipeleka kwa baba yake, na ndoa imekwisha. Yeye na Rudairo hawakujaliwa mtoto. Shangazi zake walikuja zaidi ya mara moja, wakakaa kwenye mkeka wake, wakamtaka ampe Rudairo gupuro aoe mwingine. Kila mara aliwajibu mbele ya mkewe kwamba mkono wake haujui kutoa kitu hicho. Kijiji kizima kilijua jibu hilo. Rudairo alikuwa akitembea nalo kichwa juu.

"Ni maneno ya kazi tu?" aliuliza. "Kama nyimbo?"

Yule mwanamke alinyoosha kiganja. Hakusema ndiyo wala hapana.

Kwa ukweli wenyewe, Gwinyai alijua. Baadaye alijiambia kwamba hakujua, kwamba aliona ni desturi ya zamani isiyodhuru mtu. Lakini mtu aliyeamini ni mchezo asingetazama nyuma kwanza kuona kama kuna anayemwona. Yeye alitazama nyuma. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akakuta kitu kimoja tu.

"Huyo hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Nimemwacha."

Kiganja kilifunga. Kilikuwa cha moto.

Fuu... fuu...

Alipoinua macho hapakuwa na mtu. Udongo wa tanuri ulikuwa umekauka wote kwa pamoja, bila ufa hata mmoja.

"Duka limefungwa," alimwambia Rudairo aliporudi.

"Na changu kiko wapi?"

"Kimeanguka njiani. Samahani, mama."

Rudairo alimtazama, akaguna, akaenda kutafuta pini. "Mwanamume hatumwi," alisema, na wala hakukasirika. Alimpakulia ugali wa sadza na mboga, akamwekea kipande kikubwa cha nyama, maana kesho ilikuwa siku yake. Gwinyai alikula akitazama sahani.

Asubuhi walioka mawe mpaka yakapasuka. Taruvinga alipotaka kuvuta viriba kwa fujo kama kawaida yake, Gwinyai alimshika bega.

"Polepole. Kama mtu aliyelala."

"Nani kakuambia?"

"Vuta tu."

Wageni walifika na kamera zao. Wanawake walileta pombe ya ulezi na vyungu vya sadza. Rudairo alikuwa kati yao, amevaa gauni lake la bluu, pini iking'aa kifuani. Alimpungia mumewe mkono. Gwinyai hakuweza kupunga, alikuwa ameshika kiriba, na mdundo haukuruhusiwa kukatika.

Jua lilipita utosini. Moto ukaanza kuimba. Ndiyo, kuimba, na wazee wawili waliokuwapo wakavua kofia, kwa sababu sauti ile waliwahi kusimuliwa na mama zao.

Ndipo Gwinyai alipomwona. Nyuma ya wanawake, karibu na vyungu, shuka jeusi. Lilikuwa limemwinamia Rudairo sikioni. Mkono uliopasuka ukashika mkono wa mkewe, ukaufungua, ukaweka kitu, ukaufunga tena.

Rudairo alikitazama. Kisha akainua macho, akamtazama Gwinyai moja kwa moja, kupitia moshi.

"Rudairo!" alitaka kuita. Lakini Taruvinga alimkaripia, "Mdundo, Sinyoro! Usiuache, anakaribia kuzaa!" na kamera zilikuwa zimemlenga yeye.

Hakuita. Alivuta kiriba.

Alipotazama tena hawakuwapo wote wawili.

Walipobomoa mlango wa tanuri, donge la chuma liliteleza nje, jekundu, zito, safi. Vigelegele vikapanda. Taruvinga alimbeba juu kama mtoto, akilia na kucheka. Mgeni mmoja alimsogezea kinasa sauti akauliza nani alimfundisha.

"Damu," alisema Gwinyai. "Ni damu ya babu zangu."

Watu wakapiga makofi. Yeye alitamani ardhi immeze.

Alifika nyumbani jua likizama. Rudairo alikuwa amekaa kizingitini. Vyungu vimeoshwa na kufunikwa, ua umefagiwa. Kando yake kulikuwa na furushi. Alifungua kiganja. Kifungo cha bluu kilikuwa kimeungua upande mmoja.

"Nina swali moja," alisema. "Kilitoka mkononi mwako?"

"Mama, sikiliza. Yalikuwa maneno tu. Ya kazi. Hata yule mwanamke simjui, si..."

"Kilitoka mkononi mwako, au alikiokota?"

Hapo angeweza kusema kiliokotwa. Alikuwa tayari amesema kimeanguka njiani. Rudairo mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango na anamsubiri apite. Lakini aliangalia kiganja chake mwenyewe, na Rudairo akapata jibu.

"Shangazi zako walikaa pale," Rudairo alisema, akionyesha mahali pa mkeka. "Wakanitukana tumbo langu. Wewe ukakataa, na mimi nikasema, hata nikifa bila mtoto, nimeolewa. Kumbe ulikuwa unasubiri kupewa bei yako." Alikifunga kifungo kiganjani. "Chuma, Sinyoro? Ungenipa kwa ajili ya mtoto ningeelewa."

Aliinua furushi kichwani mwenyewe. Gwinyai hakuthubutu kumsaidia wala kumzuia. Alisimama uani mpaka rangi ya bluu ikapotelea njiani.

Siku zilizofuata alikwenda kwa baba mkwe wake, akapiga magoti, akapiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Mzee alimtolea kile kifungo kwenye kitambaa. "Mkono wako ulitoa," alisema, "na mikono ya watoto wangu haichezewi." Rudairo hakutoka ndani. Gwinyai alirudi peke yake, na kijijini akasema mkewe amekwenda kumuuguza mama yake. Aliona aibu kusema kweli.

Alikwenda na sururu kulivunja tanuri. Mlango walioubomoa kwa mikono yao ulikuwa umezibika. Udongo ulikuwa laini, mkavu, na vuguvugu. Kila aliponyanyua sururu, mikono ilimlegea.

Aliwauliza wazee: mhunzi wa zamani alimpaje tanuri gupuro? Walitazamana. Mmoja alisema pengine kulikuwa na wimbo. Mwingine alisema babu yake Gwinyai, yule mhunzi wa mwisho, alihama kijiji usiku na hakuwahi kulala tena kwenye nyumba yenye jiko ndani. Hawakujua zaidi. Sehemu hiyo ya ujuzi ilikuwa imezikwa, na hakuna aliyekuja jioni kumnong'oneza.

Alijaribu kwa akili yake. Aliweka sarafu mlangoni mwa tanuri, akasema, "Nimekuacha." Asubuhi aliamka na sarafu ileile kiganjani, imemchoma ngozi. Kovu lake lipo.

Na kitandani, upande wa Rudairo, godoro likaanza kuwa na joto. Mto ukawa na vumbi jekundu la kichuguu. Akizima taa husikia, karibu kabisa na shingo yake...

Fuu... fuu... fuu...

Polepole. Kama alivyofundishwa.

Wiki iliyopita watu wa makumbusho walituma salamu kwamba wanataka aje mjini kufundisha vijana. Taruvinga ndiye aliyezileta. Alimkuta Gwinyai amekaa nje, mbali na mlango, kama anavyokaa siku hizi mpaka giza limlazimishe kuingia.

"Na wewe msiri, ndugu yangu!" Taruvinga alisema huku akitabasamu mpaka masikioni. "Mkeo amerudi lini? Nimemsalimia pale dirishani, kanipa mgongo, hataki hata kuongea na shemeji. Lakini alipogeuka kidogo nimeliona tumbo. Tumbo lile, Sinyoro! Baada ya miaka yote hii! Shangazi zako watakula maneno yao." Alimpiga begani. "Hongera sana."

Gwinyai alitazama dirisha. Pazia lilikuwa linavutwa ndani na kusukumwa nje, taratibu, na upepo haukuwapo.

Angeweza kusema pale pale. Taruvinga ni ndugu yake, angekimbia kuita watu. Lakini ingebidi aanzie kwenye kifungo.

"Asante," alisema.

Ndani, jikoni, mtu akaanza kupuliza moto.